Tuwape Paka wa Mtaani Pahali Pakavu Kabla ya Masika

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na nyinyi vijana mnaojitolea kutoka Kibokoni, Majengo, Tudor na Kisauni, na mliovuka feri kutoka Likoni jioni hii: ahsanteni kwa kuitika mwito. Mvua za masika zimebakisha wiki chache tu, ndiyo maana tumeharakisha kikao hiki.

Mji huu unalisha paka wake. Nalitanguliza hili kwa sababu nimechoka kusikia tukiambiwa kwamba watu wa Mombasa hawana huruma na wanyama. Nendeni soko la samaki pale Bandari ya Kale wakati wa kupara samaki, muone matumbo yanavyowekwa kando kwa makusudi, na paka wamejipanga wanangoja. Mama karanga anayekaanga samaki jioni nje ya nyumba yake ana paka anaowajua mmoja mmoja, na mabaki hayaendi jaani mpaka wao wameshakula. Wenye maduka pale Marikiti huwaacha walale juu ya magunia. Wengi wetu tumefundishwa tangu chuo cha Kurani, tukiwa wadogo, habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe. Tumefundishwa pia habari ya Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, kisha akaeleza kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzungukazunguka. Ndugu zetu wa dini nyingine walio hapa nao wana mafunzo yao ya huruma. Kwa hiyo sikuja kuomba huruma. Huruma ipo.

Tunachokosa kuwapa paka hawa ni pahali pakavu. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Swali lake nalijua, maana naulizwa kila mwaka: paka wa Mombasa ana baridi gani? Katika nchi za theluji, kama Kanada, watu wanaojitolea huanza kutengeneza vibanda vya paka kabla majira ya baridi hayajaingia, kwa sababu huko maji ya kunywa huganda ndani ya bakuli, na ncha za masikio ya paka huweza kufa kwa baridi. Sisi hayo hatuna. Hata Julai na Agosti, usiku wetu haushuki sana chini ya nyuzi 20. Lakini mwili wa paka hutakiwa kubaki kwenye nyuzi 38 hadi 39 hivi, juu kidogo kuliko wetu, na kinachomhifadhia joto hilo ni hewa iliyokaa katikati ya manyoya yake. Manyoya yakilowa, hewa hutoka na maji hukaa mahali pake, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi kubwa kuliko hewa. Ongeza upepo wa kusi unaopiga toka baharini usiku kucha.

Paka mzima mwenye afya atastahimili. Atatafuta pembe, ajilambe, akauke. Mzee, mwenye mafua, anayenyonyesha, au mtoto wa wiki tatu, huyo hastahimili. Usiku wa mvua na upepo wenye nyuzi 23 unatosha kabisa kumuua mtoto wa paka aliyelowa, na hakuna atakayesema kwamba amekufa kwa baridi. Asubuhi anafagiwa pamoja na taka za mvua, nasi tunadhani ameugua au amekosa chakula.

Na masika haiji peke yake. Wavuvi mlio hapa mnanizidi kwa hili: kusi ikishika kuanzia Aprili bahari huchafuka, na wenye ngalawa na mitumbwi midogo hukaa siku nyingi bila kutoka nje ya miamba. Samaki hupungua sokoni, bei hupanda. Aliyenunua samaki kwa bei ya kusi hatupi kichwa, anakitia kwenye mchuzi, na ni haki yake. Basi paka anakula kidogo wakati ule ule mwili wake unapohitaji chakula kingi zaidi ili upate joto. Kwa hiyo ninaposema pahali pakavu, sisemi tuache kulisha. Nasema chakula cha Aprili hadi Agosti kizidi kile cha kaskazi, yaani miezi ya jua ya Desemba hadi Machi, na kiwekwe chini ya paa, mvua ikipumua. Wali uliolowa maji ya mvua hauna faida kwa paka, unaita panya tu. Wekeni, ngojeni nusu saa, kisha ondoeni sahani. Paka hujifunza saa ya kula upesi sana, na jirani hukosa sababu ya kulalamika.

Zamani paka wa mji huu hakuhitaji mtu amjengee. Tazameni nyumba za Mji wa Kale zilizobaki: baraza za mawe, roshani zilizojitokeza juu ya njia, uvungu wa ngazi, uwanja wa nyuma wenye kibanda cha kuni. Mvua ikinyesha, paka alikuwa na pa kuingia kila baada ya hatua chache, na hakumsumbua mtu. Leo tumejenga maghorofa yenye geti la chuma na ukuta ulioshuka wima mpaka kwenye kabro. Kila tundu limezibwa kwa saruji au kwa waya. Simlaumu aliyejenga, wezi wapo na watu wanahitaji nyumba. Lakini ni vyema tujue kwamba tulipoziba tuliwatoa paka mahali walipokuwa wakijisitiri, na tangu hapo wamehamia chini ya magari, chini ya vibanda vya biashara, na ndani ya mitaro.

Mitaro ndiyo inayoniogopesha kuliko vyote. Paka mwenye mimba hutafuta pahali pakavu, penye giza, pasipofikiwa na mbwa wala kunguru. Desemba hadi Machi mtaro una sifa hizo zote. Anazaa humo, ananyonyesha humo, na ikija mvua ya kwanza kubwa, mtaro unakuwa mto. Mei ndio mwezi wetu wenye mvua nyingi zaidi, na hata vuli hutushtukiza: mnakumbuka mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilivyoingia majumbani Kisauni na Likoni. Kama maji yaliinua makochi ya watu, watoto wa paka waliokuwa mtaroni hawakuwa na lolote la kuwaokoa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, tena ni ya wiki hii, ni kutembea. Kila mmoja achukue mtaa wake, apite saa ya alasiri jua likiwa bado lipo, achungulie mitaro, makalvati na uvungu wa vibanda. Mkikuta watoto wa paka, msiwachukue papo hapo. Mama yao mara nyingi yuko karibu anatafuta chakula, na anaweza kukaa saa kadhaa bila kurudi. Tazameni kwa mbali. Watoto walioshiba, wenye joto, wamelala kimya wamelaliana, wana mama. Hao wawekeeni kibanda hatua chache kutoka hapo, juu ya usawa wa maji. Mama akikiamini atawahamisha mwenyewe mmoja mmoja kwa meno, na mvua ikianza kabla hajawahamisha, wahamisheni nyinyi mbele ya macho yake. Yale maneno kwamba paka humkataa mtoto akiguswa na mtu yasiwazuie kumtoa mtoto kwenye maji.

Sasa kibanda chenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapotumia nguvu bure. Katoni haifai. Mvua moja tu imekuwa uji. Kreti la soda limejaa matundu. Kinachofaa kuliko vyote tunacho bure hapa mjini: yale maboksi meupe mepesi ya kusafirishia samaki wenye barafu. Kinachozuia joto lisiingie kwenye barafu ndicho hicho kinachozuia joto la paka lisitoke. Wenye biashara ya samaki huyatupa yakipasuka kona, nasi tunaweza kuyaziba kwa gundi na utepe mpana. Osheni kwa sabuni na myaanike juani.

Kata mlango upande mmoja, upana wa sentimita 15 hivi. Mwanya mkubwa zaidi unaingiza mbwa na upepo. Usikate mlango kuanzia sakafuni. Acha kizingiti cha vidole vinne, maji yanayorushwa na matairi yasiingie. Toboa tundu dogo chini kwenye kona, na kiinamishe kibanda kidogo kuelekea huko, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Kiweke juu ya matofali mawili au mawe ya matumbawe. Funika kwa gunia la nailoni, weka jiwe zito juu, maana boksi lile ni jepesi na kusi italibeba. Na mlango utazame kaskazini. Mvua ya masika hupigwa na upepo unaotoka kusini na kusini-mashariki, hivyo kibanda kilichotazama kusini ni mtego wa maji, hata kiwe kizuri namna gani.

Kiwe kidogo. Najua moyo unataka kumpa paka nyumba kubwa, lakini joto la ndani ni lile la mwili wake tu, na akikaa peke yake kwenye sanduku kubwa halitatosha. Paka wawili waliojikunja wakiijaza nafasi yote, basi kipimo ni sawa.

Ndani msiweke blanketi, wala shuka, wala kanga kuukuu. Nguo hushika maji, na paka aliyelowa akilala juu ya nguo iliyolowa hali yake huwa mbaya zaidi. Hata katika nchi za baridi kali, wanaojua kazi hii hutumia mabua makavu ya nafaka na kuacha mablanketi, kwa sababu hiyo hiyo. Hapa kwetu nyasi zilizokauka vizuri zitafaa, au magazeti yaliyochanwachanwa vipande vyembamba. Magazeti yabadilishwe yakilowa tu. Na kibanda kisikae mahali pa kupita watu, paka hataingia. Nyuma ya ngazi, kwenye kona ya uwanja wa msikiti au kanisa kwa ruhusa ya wahusika, nyuma ya duka kwa ruhusa ya mwenye duka. Ruhusa kwanza, kila mara.

Mtoto wa paka mkimkuta amelowa na amepoa, hana mama, nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo huruma inapoua. Msimlishe kwanza. Mtoto aliyepoa tumbo lake halifanyi kazi. Maziwa hayasagiki, au huingia mapafuni. Mkausheni kwa taulo, mjazeni maji ya vuguvugu kwenye chupa ya plastiki, izungusheni kitambaa, mumlaze kando yake, naye awe na nafasi ya kusogea akiona joto limezidi. Apashwe polepole. Akianza kujongea na kutafuta kwa mdomo, na mwili wake umepata joto, hapo ndipo chakula. Na chakula hicho si maziwa ya ng'ombe, ambayo humharisha, na kuhara kwa kiumbe wa gramu mia mbili ni hatari kubwa. Maziwa ya unga ya watoto wa paka yapo kwa madaktari wa mifugo na kwenye maduka ya vyakula vya wanyama. Ni ghali, nakubali, na ndiyo maana tunataka mkebe wa akiba uwepo kwa mmoja wetu kila mtaa kabla mvua hazijaanza. Anyweshwe akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, asigeuzwe chali.

Dawa. Paka akipiga chafya na macho yamejaa usaha, kuna anayemkatia kipande cha Panadol kwa nia njema. Nawaomba mwende mkalisambaze hili nyumba kwa nyumba: dawa ya aina ya parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuisafisha kama letu, na hata sehemu ya kidonge kimoja huweza kumuua. Dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa nayo msimpake. Nyingi zina permethrini, nayo humtia paka mitetemeko na kifo. Macho msafishieni kwa maji ya uvuguvugu na pamba safi, kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa.

Yote niliyosema mpaka hapa ni ya kuokoa walio hai. Lakini kama tutatoka hapa tukatengeneza vibanda tu, mwakani tutahitaji vibanda mara mbili. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu. Mimba yake ni ya miezi miwili na siku chache. Kwa kuwa sisi tuko karibu na ikweta, na mchana wetu haufupiki sana mwaka mzima, paka wetu hawana msimu wa kupumzika kuzaa kama wale wa Ulaya. Fanyeni hesabu wenyewe: jike aliyepandwa Februari anazaa Aprili, katikati ya maji. Wale watoto wa mtaroni tunaowalilia kila mwaka wengi wametungwa wakati wa jua, sisi tukiwa tumekaa.

Ndiyo maana kufunga kizazi na kuhasi ni kazi ya kaskazi. Kidonda cha jike kinatakiwa kikae kikavu, naye akae ndani ametulia siku kadhaa kabla ya kurudishwa alipotoka. Ukimfanyia upasuaji Februari, unampata mahali pa kumlaza. Ukimfanyia Mei, unamrudisha kwenye tope. Mwaka huu tumebakiwa na Machi, basi tuitumie Machi kwa majike kwanza. Madume yakisubiri si neno. Jike mmoja aliyefungwa kizazi anazuia zaidi ya dume mmoja aliyehasiwa, kwa sababu dume mwingine shume atatokea tu mtaa wa pili. Daktari akimaliza hukata ncha ndogo ya sikio, kwa kawaida la kushoto, paka akiwa bado amelala kwa dawa. Mkiona sikio lililokatwa ncha namna hiyo, mjue huyo ameshahudumiwa, asikamatwe tena. Waambieni na majirani, maana wapo wanaodhani tunawakatakata paka masikio kwa ukatili.

Nimetaja majirani. Wana malalamiko, na mengi ni ya haki. Anayesema madume yanakojolea mlango wake na kupigana usiku anasema kweli, na kuhasi hupunguza mambo hayo mawili. Mwenye pumu inayoamshwa na manyoya ya paka asibishiwe, hamisheni kibanda. Mama mjamzito anayeogopa, mwambieni hivi: asizoe kinyesi cha paka, azoe mwingine kwa glavu, na kizolewe kila siku, kwa sababu vimelea vya toksoplasma vilivyomo huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Na aoshe mboga, na nyama iive. Huko nako vimelea hivyo hupita. Anayeogopa kichaa cha mbwa ana haki kabisa. Paka nao hukipata na hukiambukiza. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na sisi tunaoshika paka wa mitaani tuna wajibu katika lengo hilo: kila paka anayepelekwa kufungwa kizazi achanjwe siku hiyo hiyo, na kila mmoja wetu anayeumwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Msingoje mpaka livimbe.

Kwa anayetishia kuweka sumu, nendeni na mzee wa mtaa, kwa upole. Mwambieni sumu haichagui. Itafika kwa kuku, kwa mbuzi, kwa mtoto anayetambaa. Mwambieni pia kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya. Lakini anzeni na upole. Nimeona majirani wakali kuliko wote wakija kuwa walinzi wa kibanda, baada ya mtu kukaa nao barazani na kuwasikiliza malalamiko yao hadi mwisho.

Neno moja kwa madereva, wa tuktuk, teksi na malori. Mvua ikinyesha, chini ya boneti ndipo panapobaki pakavu na pana joto. Asubuhi kabla ya kuwasha, gonga boneti kwa kiganja mara mbili tatu, na ungoje kidogo. Wenye tuktuk, injini yenu iko nyuma, basi gongeni nyuma. Waambieni wenzenu stejini.

Sasa tugawane. Wenye kufanya kazi sokoni na kwenye maduka ya samaki, tafadhali anzeni kesho kuweka kando maboksi yaliyopasuka. Tuktuk itayapitia Jumamosi asubuhi. Vijana wa shule watakata na kuziba, na fundi wetu atasimamia visu. Mama zangu, nyinyi mnaojua paka jike yupi ana mimba na yupi amezaa juzi, kaeni na wale mabinti wawili wenye daftari mlangoni, muwape mtaa na rangi ya paka. Mikebe ya maziwa ya unga itagawanywa kwa mtaa, na atakayeipokea aandike jina. Daktari wa mifugo ameketi pale nyuma. Wenye maswali juu ya gharama na siku za upasuaji, mfuateni sasa hivi kabla hajaondoka, kwani nafasi za Machi anazigawa leo.